Picha za Kichwa Chako Zina Jina Langu

Dada Aikande,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya wakili, ghorofa ya pili, hapa Mchafukoge, kwenye jengo lile ulilokuwa ukinunua pete za mapazia. Leo Ijumaa, wakili ameenda msikitini. Karani wake amesema nisubiri mpaka saa nane. Nimeshasimama mara nne, nimeshuka ngazi mara mbili, nimenunua maji na sijayanywa. Mwisho nimemwomba karani karatasi, maana mikono ilikuwa inatafuta kazi. Amenipa huku akinitazama kwa wasiwasi. Nahisi anadhani naandika wosia.

Nina jambo la kukuambia na hutalipenda. Lile uliloniapisha nisiseme, nimelisema. Nimelisema jana wakati wa mapumziko ya saa nne, nimesimama nyuma ya darasa la nne na simu sikioni, watoto wanakimbizana mbele yangu na kuniamkia, "Shikamoo mwalimu," na mimi naitikia "marahaba" huku nimeziba simu kwa kiganja. Nimemwambia daktari kwamba aliyekuwa anaumwa ni wewe. Siyo mimi.

Usinikatize. Ngoja nieleze kwa mpangilio.

Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu na mwanamke aliyejitambulisha kuwa ni Daktari Shemweta, wa hospitali ile ile. Daktari wako yule mzee amestaafu. Huyu ni kijana, anaongea haraka kama dalali, na kabla sijamaliza kusema haloo akaniuliza, "Wewe ndiye Manka? Jamani, tumekutafuta!" Akasema anapitia mafaili yote ya wagonjwa wa MS, ule ugonjwa wako wa ubongo na mishipa ya fahamu, na faili langu ndilo lililokamilika kuliko yote. Picha za ubongo zipo, majibu ya maji ya uti wa mgongo yapo, maelezo ya kila kliniki yapo, halafu ghafla nimepotea. "Tulidhani umeshatutoka," akasema. Nikamjibu, "Hapana, nipo." Ndilo lililonitoka mdomoni. Na lilikuwa kweli, Dada. Ndiyo maana limeniponza.

Unakumbuka tulivyoanza. Wewe na fremu yako ya kuuzia mapazia hukuwa na bima. Kila mwaka ulisema safari hii unakata, na kila mwaka mzigo wa dukani ukatangulia. Mimi mwalimu wa serikali nilikuwa na kadi ambayo sikuwahi kuitumia zaidi ya kutibu malaria na jino moja. Siku daktari wa kwanza kabisa alipotamka MRI, kipimo cha picha ya ubongo, na bei yake, tuliangaliana pale kwenye viti vya plastiki. Tulitoka nje. Kesho yake tukaenda hospitali nyingine, kwa daktari mzee, wewe ukiwa Manka.

Sura tunafanana, hilo tuliambiwa tangu Machame. Tatizo lilikuwa nywele. Kwenye picha ya kadi nimesuka, na wewe maisha yako yote ulikuwa mtu wa nywele fupi na kitambaa. Ukazifuga. Kila mara, siku moja kabla ya kliniki, ukamwita msusi wa ngazini akusuke mistari ile ile, huku umeshika kadi yangu kama kioo, unamwelekeza, "Hapa upande wa kushoto umekosea." Ukakariri tarehe yangu ya kuzaliwa na jina la shule yangu. Ukajifunza sahihi yangu mpaka ukaiweza kuliko mimi. Na mimi kwenye karatasi ya msindikizaji nikajiandika Aikande. Manesi wakawa wananiambia, "Aikande, mshike mdogo wako vizuri asianguke." Tulikuwa tunacheka njia nzima kurudi Kariakoo. Tulicheka sana kwa watu waliokuwa wanaiba.

Ni wizi. Najua. Nilijua hata siku ile. Ningerudishwa pale na wewe ukiwa umekaa vile, mkono wa kushoto umelala mapajani kama si wako, ningekupa tena ile kadi. Nimejaribu kujuta kwa wiki tatu na nimeshindwa. Ninachojutia ni kingine, nitakifikia.

Mambo ya duka kwanza, maana najua unauliza. Mwajuma, fundi wako, ndiye anayelishikilia. Tumegawana fremu na mtu wa makava ya simu, nusu kwa nusu, usinune. Mapazia mazito hayatoki siku hizi, watu wanataka yale mepesi yanayopitisha mwanga. Mwajuma bado anashona kwa cherehani yako na bado anakataa mtu mwingine aiguse. Wateja wako wa zamani wakija huwa anawaambia umesafiri, kwa mazoea tu, halafu anakumbuka, anakimbilia nyuma kwenye marobota na kuniachia mimi mteja.

Hiyo ya kusafiri nayo ilikuwa akili yako. Mfanyabiashara wa Kariakoo haumwi. Akiumwa anasemwa yuko China, kafuata mzigo. Ukisikika unaumwa, mwenye mzigo hakukopeshi na mteja anavuka barabara. Kwa hiyo ulienda China. Mara ya kwanza miezi miwili, mara ya pili nusu mwaka, mara ya mwisho hukurudi. Ulikuwa ghorofa ya nne, mitaa mitatu tu kutoka dukani, umekaa kwenye kiti cha uvivu na miguu kwenye beseni la maji ya baridi, unaendesha biashara kwa simu na kumgombeza Mwajuma kwa kukata yadi pungufu. Nikamsikia Mzee Shomari wa kanga, jirani yetu wa mlango kwa mlango, akisema baada ya maziko: "Mwalimu, mtu haendi China mwaka mzima viatu vyake vyote vikabaki mlangoni. Tulijua. Tuliwastahi tu." Nilitamani ardhi ipasuke. Wote walijua unaumwa, ila hakuna aliyejua unaumwa nini, kwa hiyo kila mtu akachagua lake. Wengine walisema umerogwa na mwenzako wa biashara. Wengine walisema unajidai unaumwa, maana asubuhi walikuona dirishani umesimama na saa sita mchana wakasikia umeshindwa kunyanyua kikombe.

Saa sita mchana. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na sasa nitakuambia.

Daktari Shemweta aliniomba niende kumwona. Nilienda kumwambia ukweli, nakuapia. Niliondoka shuleni na maneno yote kichwani. Ofisi yake iko ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi, na nilipofika alikuwa amesimama juu ananitazama nikipanda. Macho yamemtoka. "Umepanda mwenyewe?" Akanikalisha, akanigonga magoti kwa kile kinyundo, akanitembeza kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, akaniambia nifumbe macho niguse pua. Kila kitu kikaenda sawa, na kila kilivyoenda sawa yeye akazidi kufurahi. Halafu akageuza kompyuta ili nione.

Dada, nilikuona ndani ya kichwa. Sikuwa nimewahi kuziona zile picha, daktari mzee alikuwa anatusomea karatasi tu. Kumbe ulikuwa na fuvu dogo namna ile. Na yale madoa meupe, moja hapa, moja kule, akawa ananionyesha kwa ncha ya kalamu. Akanieleza tena kile ulichonieleza wewe, kwamba kinga ya mwili inakosea adui, inavua ngozi ya nyaya za ubongo, na waya ukiwa uchi taarifa haifiki. Pembeni ya picha yameandikwa majina yangu matatu. Nilikuwa na hamu ya kuweka kiganja kwenye kioo.

Akaanza kuniuliza. Ganzi ilianza mguu gani? Nikasema wa kushoto. Macho je? Nikamwambia jicho la kulia, rangi nyekundu ndiyo iliyotangulia kufifia. Nikamweleza siku uliyomuuzia mama wa Ilala pazia la rangi ya damu ya mzee ukasisitiza ni kahawia, mkabishana mpaka watu wakajaa, na kumbe wewe ndiye uliyekosea. Nikamweleza mkasi uliokuwa unakudondoka. Nikaeleza vyote kwa "mimi". Mimi niliona, mimi nilidondosha. Alikuwa anaandika kila neno, anatikisa kichwa, anasema, "Enhe, endelea." Tangu tukuzike hakuna mtu aliyeniuliza habari za mkono wako. Watu wananiuliza habari za duka, na pango, na shamba la nyumbani. Huyu alikuwa anauliza kwa makini, unalala ubavu gani, unashika kijiko vipi, na mimi nikawa najibu, na kwa saa nzima ulikuwa hai na unaendelea vizuri. Hilo ndilo ninalojutia. Nilikaa pale nikanogewa. Nilitoka bila kusema nilichoendea.

Mlangoni akanieleza kwa nini ananitafuta. Kuna mfuko mmoja wa nje unaotoa fedha za utafiti wa MS kwa nchi kama zetu. Mafungu ni mawili. La kwanza ni nono, la watakaoleta swali jipya ambalo halijawahi kuulizwa. La pili ni dogo, la nchi ambazo hazina hata daftari la wagonjwa wake. Yote yanafungwa Ijumaa, yaani leo, saa kumi jioni. Amehangaika miaka, anasema. Wakubwa wake wenyewe humwambia aachane na huu ugonjwa wa Wazungu, ashike magonjwa yenye hela. "Kila nikiomba naulizwa, mna wagonjwa wangapi? Nasema hatujui, hatujahesabu. Wananiambia, mkishahesabu njooni. Na kuhesabu kwenyewe ni hela!" Alicheka, lakini macho hayakucheka. Nilimpenda. Ungempenda na wewe, ungemuuzia pazia kwa bei ya jumla.

Wiki nzima nikawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nafuta ubao kabla watoto hawajanakili. Nashuka Kariakoo kununua nyanya, narudi na ndimu. Napiga namba yake, nakata kabla haijaita. Najiambia, kuna ubaya gani, wagonjwa ni wachache, mmoja wa ziada atamsaidia dada wa watu kupata fedha, na aliyeumwa kweli aliumwa kweli, jina tu ndilo limehama. Najiambia pia uliniapisha. Wiki ile ya mwisho, sauti imebaki ya kunong'ona, ulinishika kidole: "Manka, nimekusomesha kwa mapazia. Usije ukafukuzwa kazi kwa ajili ya kichwa changu. Hili nife nalo." Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa lolote.

Jumatano Daktari Shemweta akanitumia andiko alilokuwa analiombea fedha, nilipitie kama mgonjwa, nione kama amenieleza sawasawa. Kwa Kiswahili, ameniheshimu hivyo. Nikalisoma pale ofisini kwa walimu huku nasahihisha madaftari ya hesabu.

Alikuwa ameomba fungu nono. Swali lake jipya lilikuwa hili: kwa nini wapo wagonjwa wa pwani wanaopata nafuu kubwa bila dawa? Na mfano wake nilikuwa mimi. Mwalimu wa kike, alikuwa anabebwa kupelekwa kliniki, sasa anapanda ghorofa tatu bila kuhema. Akaenda mbele zaidi, akaandika kwamba huenda jua na joto la Dar es Salaam ndivyo vilivyonisaidia, na akaomba fedha za kuchunguza faida ya joto kwa wagonjwa.

Joto, Aikande!

Nilisimama, kiti kikaanguka, mwalimu mkuu akaniuliza kama nimeumwa na nge. Wewe ambaye joto la Kariakoo lilikuwa linakukata miguu ikifika saa sita! Wewe uliyekuwa unaagiza barafu kwa muuza samaki, unazivunja kwa mchi na kuzifunga kwenye kanga shingoni ili uweze kusema sentensi moja kwa mzalishaji wa vitambaa! Miaka yote ile ulilia juu ya joto peke yake. Ganzi ulivumilia, jicho ulivumilia, lakini umeme ukikatika na pangaboi likasimama ulikuwa unalia kama mtoto. Na sasa mateso yako yalikuwa yanageuzwa kuwa dawa. Nikawaza, wakipata zile fedha, watawaweka wagonjwa wengine juani. Labda hawatafanya hivyo, wana akili zao. Lakini nilimwona mwanamke mwingine kama wewe, ghorofa nyingine kama yako, ameambiwa na mtaalamu akae dirishani saa sita mchana, kwa sababu ya uongo wangu.

Hapo ndipo nilipovunja ahadi. Sikuvunja kwa uchungu mtakatifu wala kwa ibada. Nilivunja kwa hasira.

Jana nilipompigia na kumaliza kusema, nilimsikia akifunga mlango upande wa pili. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo wewe huumwi?" Nikasema siumwi. "Na yeye?" Nikasema tumemzika Machame mwaka jana. Akasema pole. Akasema, "Nimefurahi huumwi, kweli nimefurahi. Sasa naomba nikate simu nikasirike kidogo, nitakupigia." Alipiga baada ya kipindi cha sayansi. Sauti imekauka. Hawezi kuwa na picha zenye jina la mtu mwingine bila maandishi. Nilete kiapo chenye muhuri wa wakili kabla ya saa tisa Ijumaa, la sivyo anakutoa kabisa kwenye utafiti wake, na mimi, na faili lote, kama vile hapakuwahi kuwa na mtu. Na akaniambia bila kuzunguka kwamba hospitali haitanyamaza. Watu wa bima wataambiwa, na barua itakuja shuleni.

Ndiyo maana nipo kwenye benchi hili. Mbele yangu kuna kijana mwenye hati ya kiwanja na mama mwenye mkoba wa vyeti, na wote wanatazama saa. Saa nane na robo. Wakili huyu anaswali au anahubiri?

Amefika. Ngoja.

*

Leo ni Jumamosi asubuhi, nipo dukani. Mwajuma anashona, mtu wa makava anafungua redio. Nilidhani nikishamaliza ya jana moyo utatulia. Haujatulia. Tangu asubuhi nimepanga upya marobota yote ya kijani, na Mwajuma ameamua kunivumilia tu.

Wakili alikuwa mzee mpole. Alisoma nilichoandika, akashusha miwani, akaniuliza kama najua ninachotia sahihi. Nikasema najua. Akanisomea kwa sauti: mimi Manka, Mkristo, mtu mzima, mkazi wa Ilala, naapa na kuthibitisha kwamba picha hizi si za kichwa changu. Si za kichwa changu! Nilianza kucheka, Dada, nikashindwa kujizuia, karani akaingia kuona kuna nini. Nilijua ungecheka. Ningekuwa na wewe tungecheka mpaka tufukuzwe.

Nikatia sahihi. Sahihi ikatoka mbaya. Yako ingetoka vizuri zaidi.

Nilipofika hospitali ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache, nimelowa jasho, nimepanda bodaboda na kiapo nimekibana kifuani. Daktari Shemweta hakuwa ameoga, ilionekana. Aliniambia nikae. Fungu nono ameliacha. Alilifuta swali lake lote Alhamisi ile ile na kuanza upya na fungu dogo, lile la daftari, ambalo mwanzo alilipita bila kulitazama mara mbili. Anaomba fedha za kuwatafuta wagonjwa wa MS walipo, kwenye ghorofa za huku mjini na kokote waliko. Na ameongeza jambo ambalo anasema hakuna fomu ya nje iliyowahi kulifikiria: kumuuliza kila mgonjwa, kwa siri na bila kumshtaki, kama faili lake limeandikwa jina lake. "Ikiwa mmefanya nyinyi wawili, wamefanya na wengine," akasema. Hakutabasamu. Bado ana hasira na mimi, na ana haki. Anasema fungu dogo nalo linagombaniwa, na majibu yatachukua miezi.

Halafu akafungua orodha ya wagonjwa ili aibadilishe. Nilikuwa nimejiandaa kuona jina lako likiandikwa, Aikande, herufi zote, mahali pa heshima. Kumbe hawaandiki majina. Ni namba tu, na jinsia, na kazi, na ugonjwa ulianza lini, na mwisho kabisa hali ya mgonjwa kwa sasa. Jina linabaki kwenye faili lenyewe, kabatini, na hilo amelibadilisha mbele yangu na kubandika kiapo juu yake. Nilisikia uchungu, sitakudanganya. Nilitaka wakusome huko nje.

Kwenye mstari wetu palikuwa pameandikwa: mwanamke, mwalimu, hai, anatembea. Daktari akafuta mwalimu, akaandika mfanyabiashara. Akataka kuendelea, nikamshika mkono. Sijui nilivyothubutu. Nikamwomba anipishe. Akanitazama, akasogeza kiti.

Nilifuta kwanza "anatembea". Hiyo haikunisumbua, ulikuwa hutembei. Halafu nikafika kwenye "hai". Herufi tatu tu. Niliweka kidole kwenye kitufe na kidole hakikubonyea. Msibani sikulia, unajua nilivyokuwa, nilikuwa na kamati, na turubai, na basi la kupeleka watu Moshi, na kila mtu ananiuliza mimi. Kanisani sikulia. Hata udongo ulipoanza kuanguka nilikuwa nawaza nani amebaki na funguo za stoo. Jana, mbele ya mgeni, saa ya ukutani inaenda kwenye kumi na andiko halijatumwa, nililia juu ya kibodi ya watu mpaka herufi zikapotea. Daktari hakuniharakisha. Aliweka mkono mgongoni mwangu akauacha hapo.

Nikaifuta, herufi moja moja. Nikaandika mwenyewe: amefariki.

Kisha akatuma.

Sasa nasubiri barua mbili, ya kwake na ya bima, na sijui ipi itatangulia. Huenda ifikapo Krismasi nisiwe mwalimu tena. Nimemwambia Mwajuma anifundishe kukata yadi, ameguna. Ninaogopa, Dada. Nikisikia pikipiki inasimama nje ya shule nachungulia dirishani. Lakini sitaki ujilaumu kwamba ulinisomesha bure, maana aliyeweza kuandika kile kiapo bila kukosea ni yule uliyemsomesha.

Nakuaga sasa, duka limeanza kujaa. Nakuahidi hili, na safari hii ni ahadi ninayoitaka mwenyewe: siku zote za kliniki, kazi ikiwepo au isiwepo, fedha zikija au zisije, nitakaa kwenye lile benchi la mapokezi ya hospitali. Nitakayemwona anakariri tarehe ya kuzaliwa ya ndugu yake nitamsogelea. Nitamwambia nilivyokaa mbele ya orodha nikamfuta dada yangu kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuwa nimemwandika kwa jina la mtu aliye hai.

Pumzika, Aikande.

Mdogo wako,
Manka